Tangazo la Mama Fidélie

Kama uliishi Kolwezi mwaka 1993 na ulikuwa na redio yenye betri zilizo hai, sauti ya Ndaya Tshimanga unaijua. Ila utaapa mbele ya padri kwamba ilikuwa sauti ya Falonne Mbayo, na utakuwa umeapa uongo bila kosa lako. Ndivyo ulivyoambiwa kila adhuhuri kwa miezi miwili na nusu: "Mlikuwa mnasikiliza matangazo. Aliyewasomea ni Falonne Mbayo." Maneno hayo Ndaya aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe, na kila alipoyasema alijisikia kama mtu anayemvisha mwenzake nguo yake mpya ya Noeli.

Mwaka ule wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, na vijana wenye mawe walipita mitaani kuhakikisha wanatii. Sasa, kwao Ndaya kulikuwa wapi? Babu yake alifika Kolwezi kijana, akachimba shaba mpaka mapafu yakamwisha. Baba yake naye vivyo hivyo. Ndaya alizaliwa hapo, akabatizwa hapo, akapata surua hapo. Kasai aliijua kwa matusi tu, yale aliyorithi kwa bibi yake, na hata hayo aliyachanganya. Lakini mwezi wa tatu yeye na mama yake walitolewa nyumbani wakiwa na godoro, sufuria mbili na picha ya Bikira Maria, wakaenda kuishi chini ya turubai kwenye stesheni ya reli pamoja na maelfu ya wenzao, wakingoja treni. Treni zilikuwa chache na watu walikuwa wengi. Shaba ilikuwa imelala, mishahara ilikuwa imelala, na treni nazo zililala popote zilipotaka.

Ndaya alikuwa mwanafunzi wa mawasiliano, na likizo kubwa ilipofika chuo kikampeleka kufanya staji, yaani kujifunza kazi, kwenye Redio Masikilizano. Wengine wangesema: mtu anayelala chini ya turubai ana haja gani na staji? Wengine hao hawamjui Ndaya. Kila asubuhi alinyoosha blauzi yake kwa sufuria ya maji moto, akapita katikati ya mabunda na kuku wa watu, akaenda kazini kama karani wa benki.

Redio yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mikate lililokufa. Kuta za studio zilifunikwa magodoro ili mwangwi usisumbue, na kwa sababu hiyo waliomtembelea mkurugenzi walisinzia kabla ya kueleza shida zao. Mkurugenzi huyo, Tata, yaani Baba, Polycarpe Mbayo, alikuwa mtu mpana mwenye sauti nzito ya kutikisa vikombe. Zamani alitangaza mpira uwanjani, na mpaka leo hakuweza kunywa chai bila kuitangaza.

Msomaji wake wa matangazo, Mkasai, alikuwa amepanda treni mwezi wa nne. Tata Polycarpe akamweka kwenye mikrofoni Falonne, binti wa kaka yake, aliyekuwa kazini hapo akibonyeza vitufe vya mtambo. Falonne ana moyo safi, sitaki mtu anielewe vibaya, lakini sauti yake ni ya mashine ya kusaga mahindi. Siku ile wasikilizaji watatu walikuja kwa miguu kuuliza kama mtambo umeungua. Kwa hiyo Ndaya alipofungua kinywa, Tata Polycarpe karibu alie kwa furaha. Kisha akasoma jina lake kwenye karatasi ya chuo, na furaha ikakatika.

"Mutoto, sauti yako iko muzuri sana," alimwambia. "Lakini jina yako ikipita mu mikro, bale bijana batakuja na mabwe. Na mi nimebakia na kioo moja tu ya dirisha. Utasema we njo Falonne."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwaka ule woga ulifanya kazi nyingi ambazo watu wabaya peke yao wasingezimaliza.

Basi Falonne akawa nyota. Sokoni walimwongezea nyanya. Mafundi wa baiskeli walisimama akipita. Mfanyabiashara mmoja wa makaa wa Mutshatsha alimletea barua ya posa na gunia moja la makaa juu yake, akataka tu asikie kwa masikio yake ile sauti ikisema "ndiyo". Maskini Falonne angejibu nini? Alifunga skafu shingoni, akaonyesha koo kwa kidole, na tangu siku hiyo akawa na mafua. Mafua ya miezi miwili na nusu. Wanawake wa soko walianza kumletea majani ya mkaratusi ya kujifukiza, naye akajifukiza kweli, kwa heshima.

Kule stesheni, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama yake Ndaya, Mama Fidélie, hakuwa mtu wa kuficha sifa ya mtoto. Siku ya kwanza tu alitangazia turubai zote: "Ile sauti, njo ya binti yangu." Jirani yake, Mama Bilonda, ndiye aliyekuwa na redio, na mwenye redio ndiye mwenye ukweli. Mama Bilonda akasikiliza mpaka mwisho, akasikia "Falonne Mbayo", akaizima redio taratibu.

"Binti yako alibatizwa mara ngapi, mama?" akauliza.

Ndaya alijaribu kumtetea mama yake. Jioni moja alishika kijiko kama mikrofoni, akasoma maandishi ya mfuko wa unga mbele ya majirani. Lakini nje ya studio Ndaya alikuwa mtu wa aibu, mwenye kuongea haraka akitazama miguu yake, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua. Mama Bilonda alicheka wiki nzima. Tangu hapo Mama Fidélie aliitwa "Mama Falonne" kwenye foleni ya maji, kwenye foleni ya choo, hata kwenye sala ya pamoja.

Ikatoka habari kwamba treni itaondoka Ijumaa alasiri, na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya staji. Mama Fidélie akamshika binti yake mkono.

"Ndaya, mama yangu," alisema, maana ndivyo mama wa kule wanavyowaita mabinti wanaowapenda. "Nyumba balichukua, nilinyamaza. Vyombo balichukua, nilinyamaza. Lakini niende Kasai bakisema mi ni mama wa bongo, mama mwongo? Siku ya mwisho, taja jina yako. Mara moja tu."

Ndaya akaahidi. Alitaka kutaja jina lake kuliko mama yake alivyotaka. Alizaliwa katika mji huu na alikuwa akifukuzwa humo, na kitu pekee alichowahi kuupa mji huu kilikuwa kimeandikwa jina la mtu mwingine. Alipoliwaza hilo, hasira ilimpanda mpaka machozi. Alhamisi akamwomba Tata Polycarpe. Tata Polycarpe akatazama kioo chake kimoja, akatikisa kichwa.

Hapo ndipo mama na binti walipokumbuka sheria ya muhuri.

Lazima ujue kwamba tangazo la familia, kwa watu wa Kolwezi, halisomwi kwa ajili ya habari. Habari kila mtu anazo tayari. Linasomwa kwa ajili ya majina. "Wanajulishwa: familia fulani ya Lubudi, tata fulani wa Nzilo, shemeji fulani na watoto wake wote." Asiyetajwa hajajulishwa, hata kama alimfumba marehemu macho. Miaka miwili nyuma, msomaji mmoja mwenye haraka aliruka wajomba watatu kwenye tangazo la msiba. Wajomba wakagoma kuzika. Familia ikabeba jeneza mpaka uani kwa redio, wakaliweka mbele ya mlango, wakamwambia Tata Polycarpe: umekata wajomba, basi zika wewe. Jeneza lilikaa pale tangu asubuhi mpaka saa tisa, mpaka wajomba waliposomwa mara mbili kila mmoja, na vyeo vyao. Tangu siku hiyo kwenye ukuta wa studio kulibandikwa karatasi kwa mkono wa mkurugenzi mwenyewe: TANGAZO LENYE MUHURI LINASOMWA LOTE, BILA KURUKA NENO, HATA NYUMBA IKIUNGUA.

Na Tata Polycarpe alipiga muhuri bila kusoma. Kila mtu alilijua hilo.

Kazi hiyo haikungoja usiku. Mchana ule ule wa Alhamisi Mama Fidélie alitunga tangazo la kuaga, Ndaya akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Ijumaa asubuhi akaichomeka karatasi katikati ya nyingine kumi na moja. Tata Polycarpe akagonga muhuri, kwa, kwa, kwa, huku akisimulia penalti moja ya mwaka 1974, na karatasi ya Ndaya ilipata muhuri hasa pale mpira ulipogonga mwamba. Ndaya akashusha pumzi. Saa sita ingefika, angesoma, nani angemkataza? Sheria ilikuwa ukutani.

Saa sita kasoro dakika tano Tata Polycarpe akaingia studio amevaa tai.

"Leo njo siku yako ya mwisho," alimwambia kwa upole mkubwa. "We ulitumika sana. Leo utapumzika. Utakaa kule kwa Falonne, utaangalia namna mukubwa anasomaka. Mi mwenyewe nitasoma komunike, matangazo yote."

"Tata, hapana, niachie," Ndaya alisema.

"Usinishukuru, mutoto."

Akamsukuma taratibu nje, akafunga mlango. Ndaya akajikuta upande wa pili wa kioo, karibu na Falonne na vitufe vyake. Alifikiria kukata umeme. Alifikiria kuzimia. Taa nyekundu ikawaka.

Haki ya Mungu, Tata Polycarpe alisoma vizuri. Kwanza msiba wa Mutshatsha, kisha ng'ombe aliyepotea, kisha mkutano wa wanakwaya, vyote kwa sauti ile ya kutangaza fainali. Karatasi ya nne, ya tano. Ya sita akaigeuza bila kuitazama, akavuta pumzi, akaanza:

"Familia Tshimanga, wakaaji wa Kolwezi toka mwaka elfu moja mia tisa thelathini na moja, wanaaga majirani wote waliokula nao, waliolia nao, na hata waliowafukuza. Leo wanapanda treni. Wanajulishwa: familia Ngoy, barabara ya pili. Mama Ngoy, kile kinu tulichokuazima baki nacho. Familia Mulumba, na mbwa wao. Anajulishwa hasa Mama Bilonda, wa turubai ya jirani, ambaye hasadiki mambo."

Hapo Tata Polycarpe alisita kidogo. Jicho lake lilikuwa limetangulia mstari mmoja mbele. Ndaya aliona jasho likimtoka kwenye paji la uso. Jicho likapanda ukutani, kwenye karatasi yake mwenyewe, likashuka. Nadhani aliliona lile jeneza. Akalegeza tai, akaendelea, na kwa kuwa hakujua kusoma kwa sauti ndogo, aliunguruma:

"Mama Bilonda ajue ya kuwa hii sauti anayoisikia sasa, hii sauti nyororo, ni ya binti yetu wa pekee, Ndaya Tshimanga. Wala siyo ya Falonne. Ni mimi mama yake ninayesema, niliyemzaa. Msikilizeni vizuri, ni msichana."

Falonne alikuwa amejikunja juu ya mtambo, mabega yakiruka. Kicheko kikamshinda, kikatoka chote, naye alikuwa ameegemea kitufe cha mikrofoni yake, kwa hiyo Kolwezi nzima na sehemu ya Lubudi ilisikia mashine ya kusaga ikiwaka, na kisha maneno haya kwa ami yake: "Tonton, sasa mi naweza kupona gripi?"

Wakaweka muziki haraka. Wote watatu wakakaa chini ya dirisha kungoja mawe. Dakika tano, dakika kumi. Hakuna jiwe lililokuja. Alikuja mzee mmoja tu, kwa baiskeli, akauliza kwa hasira kwa nini ng'ombe wake ametangazwa bila kutajwa rangi.

Tata Polycarpe akainuka, akajipangusa magoti. Akatoa kwenye droo cheti cha staji, kilichokwisha kusainiwa tangu asubuhi, akampa Ndaya bila kumtazama.

"Kimbia kwa treni," alisema. "Nenda kabla mi sijakumbuka kukasirika."

Falonne akamkumbatia, akafungua ile skafu, akamfunga nayo shingoni. Ndaya akatoka mbio. Njia nzima alipita akisikia watu wakicheka kwenye vibaraza, na kila kicheko alijua ni chake.

Stesheni alicheka hata mtoto wa kunyonya. Treni ilikuwa imeingia, mabehewa kumi na mawili, watu wanarusha magodoro na kupitisha bibi zao madirishani, na katikati ya purukushani ile bado walipata nafasi ya kushika mbavu. Mama Bilonda alikuwa ameketi juu ya bunda lake, redio mapajani, amechoka kwa kucheka.

"Ndaya, mwanangu," alisema, "mbele ya safari nyoa ndevu kwanza."

Mama Fidélie hakujibu. Ndilo lililomuumiza Ndaya. Mama yake, ambaye aliwahi kumjibu mpaka askofu, alikuwa amekaa kwenye godoro amewapa watu mgongo, kitenge kichwani, hasemi kitu. Miezi miwili na nusu ya kejeli, na sasa hii. Ndaya alitaka kumwomba msamaha, akafungua kinywa, ikatoka ile sauti ya mbuzi, akakifunga. Alijiona mjinga kupita wajinga wote walio kwenye njia ya reli.

Wakati huo huo mwanamume mmoja mwembamba, aliyeitwa Mbuyi, alikuwa akizunguka na karatasi mkononi akiuliza kila mtu kama anayo sauti kubwa. Yake ilikuwa imekauka. Mke wake amempotea katikati ya watu tangu asubuhi, treni inakaribia kuondoka, na yeye ameandika yote kwenye karatasi kama alivyozoea kusikia redioni. Watu walimsukuma kando. Alipofika mbele ya Ndaya hakuuliza hata. Alimwekea tu karatasi mkononi, kwa kuwa blauzi yake ilikuwa imenyooshwa.

Ndaya aliitazama karatasi. Ilikuwa imepangwa vizuri, jina la familia juu, wanaojulishwa chini. Bila kufikiri alipanda juu ya godoro, kando ya mama yake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza kama alivyozoea, akasoma.

"Familia Mbuyi inatafuta mke na mama yao, Mignonne, mwenye kitenge cha kijani, mtoto mmoja mgongoni, kuku wawili mkononi na tiketi zote za familia kifuani. Popote alipo, mume wake anamngoja kwenye behewa la saba. Wanajulishwa: wasafiri wote wa stesheni ya Kolwezi, wakubwa kwa wadogo."

Magodoro yakaacha kuruka. Bibi mmoja alibaki nusu ndani, nusu nje ya dirisha, hakuna aliyemvuta wala kumsukuma. Mama Bilonda aliitazama redio yake. Akazungusha kitufe kulia, akazungusha kushoto. Ilikuwa imezimwa. Akaiinua sikioni, akaitikisa, kisha akainua macho polepole mpaka juu ya godoro.

"Ni yeye," mtu alisema nyuma. "Ni ule mwenyewe."

"Mi niko hapa," alisema Mignonne, ambaye alikuwa hatua nne tu kutoka hapo, nyuma ya kabati la mtu, kuku wake wamelala.

Lakini Mbuyi hakumkimbilia mkewe. Alikuwa amesimama mbele ya Ndaya, mikono imeshuka.

"Njo weye," alisema. "Mwezi wa saba. Mama yangu alifia Lubudi, ku stesheni, anangoja treni sawa na siye. Mi sikuwezaka kwenda kumuzika. Njo we ulisoma. Ulitaja batoto bote saba. Nilikuwa nahesabu na bidole. Haukuruka hata moja."

Ndaya alilikumbuka lile tangazo. Alikumbuka alivyorudia majina yale mara tatu kabla ya taa kuwaka, ili asikosee.

"Jina yako njo nani, mama?" Mbuyi akauliza.

Mama Fidélie alikuwa amegeuka. Maneno yote aliyoyaweka tumboni tangu mwezi wa sita yalikuwa tayari, kila mtu aliyaona yakipanda, na Mama Bilonda alijikunyata kuyapokea. Lakini alishika mdomo wake kwa mikono miwili, akamwachia mtoto.

"Ndaya," alisema binti. "Ndaya Tshimanga."

"Ndaya Tshimanga," Mbuyi alirudia, taratibu, kama mtu anayeandika. "Muzuri. Treni ikisimama Lubudi, nitashuka kidogo ku kaburi ya mama. Nataka kumwambia njo nani alimusomeaka."